Uzoefu wangu na yadi za magari yaliyotumika, miaka ya 1970 na 1980

Nikiombwa kutoa nyota kwa huduma niliyoipata kwa wauzaji wa magari yaliyotumika katika miaka hiyo, nitatoa moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya ufundi. Kazi ya kulificha gari bovu ilihitaji ujuzi ambao, laiti ungetumika kulitengeneza gari lenyewe, mteja asingekuwa na la kulalamikia. Kila hila ilipimwa idumu muda ule ule ambao mnunuzi angelizunguka gari, angeliwasha, angeliendesha kidogo na kutia saini. Ikiharibika kesho yake, hasara ilikuwa imeshahamia kwa mwingine.

Nianze na kilomita, kwa kuwa ndizo zilizopanga bei. Mita ya zama hizo ilikuwa na magurudumu madogo yenye tarakimu, yaliyozungushwa na kebo iliyotoka kwenye giaboksi, na magari mengi yalikuwa na tarakimu tano tu za kuhesabia, hivyo gari likishapita 99,999 lilianza upya kwenye sifuri bila mtu kuligusa. Wasiotaka kusubiri walichomoa kebo na kuliendesha gari bila kuhesabiwa, au waliifunga kebo hiyo kwenye drili na kuizungusha kinyume, au walifungua dashibodi na kuzipanga tarakimu kwa ncha ya bisibisi. Katika gari moja nililolinunua, tarakimu ya makumi elfu ilikuwa imekaa juu kidogo ya wenzake, kama jino lililoota vibaya, na skrubu za dashibodi zilikuwa na mikwaruzo mipya iliyong'aa. Mpira wa pedali ya breki ulikuwa mweusi ti, umetoka dukani, ilhali chuma cha pedali kilichoushika kilikuwa kimelika upande mmoja. Muuzaji alinisimulia habari za mama mmoja mtu mzima aliyelitoa gari hilo mara moja kwa juma kwenda ibadani. Nadhani mama huyo alimiliki magari yote ya yadi zote nilizozitembelea.

Hayo niliyaona kabla ya kulipa, nikayatumia kuishusha bei. Nisichoweza kukiona kilikuwa ndani ya giaboksi. Siku ya majaribio gia ziliingia kimya kabisa, lakini haukupita muda mrefu sauti ya kusaga ikaanza, kwanza kwenye gia ya pili, kisha kwenye zote. Fundi wangu alipofungua nati ya chini, kilichotoka hakikuwa oili bali tope zito la rangi ya kahawia, lililodondoka kwa mabonge. Alilisugua kati ya vidole, akanionyesha chembe za mbao. Lilikuwa vumbi la mbao lililochanganywa na grisi nzito. Mchanganyiko huo hujaza nafasi kati ya meno yaliyolika na kuzima kelele, lakini hauwezi kulainisha chochote, kwa hiyo chuma kilichokuwa kimechoka hupata joto na kumalizika kwa kasi kuliko kama kingeachwa kipige kelele zake. Fundi hakushangaa hata kidogo, kwani difu nazo, yaani gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu, alisema, zilitibiwa hivyo hivyo.

Kwenye injini dawa ilikuwa oili nzito kupita kiasi, ambayo hupunguza mgongano wa vyuma na moshi wa bluu kwa muda, pamoja na desturi ya kuliwasha gari kabla mteja hajafika. Ndiyo maana nilizoea kuweka mkono juu ya boneti kabla hata ya kusalimiana vizuri, kwa sababu injini yenye ringi za pistoni zilizokwisha hujieleza yenyewe inapowashwa ikiwa baridi. Kwenye bodi, matundu ya kutu yalizibwa kwa magazeti na wavu wa waya, yakapakwa puti na kupigwa rangi; sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ilitosha kuyafichua, kwa maana sumaku hainati kwenye puti. Lililonitisha zaidi lilikuwa gari lililounganishwa kutoka nusu mbili za magari mawili yaliyogongwa, moja mbele na jingine nyuma, likachomelewa katikati. Hilo halikuwa suala la fedha tena bali la uhai wa watu.

Upande wa mauzo nao ulikuwa na mbinu zake. Ukienda na gari lako la zamani ili ubadilishe na kuongeza fedha, waliomba funguo ili mtu wao alikague, kisha funguo hazikuonekana mpaka mazungumzo yakuchoshe. Muuzaji alikubali bei yako kwa moyo mkunjufu, akaenda kumwuliza mkubwa wake, akarudi na uso wa huzuni na bei nyingine. Udhamini wa nusu kwa nusu ndio niliouchukia kuliko vyote: yadi iliahidi kulipa nusu ya gharama za matengenezo, mradi gari litengenezwe katika gereji yao, na gereji hiyo iliandika ankara kubwa kiasi kwamba nusu yangu ilitosha kulipa kazi nzima kwa fundi wa nje.

Wapo waliokuwa waaminifu, nao waliumizwa na hali hiyo kama sisi. Mwanauchumi George Akerlof alilieleza jambo hilo mwaka 1970, na mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi: mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na bovu hutoa bei ya katikati, bei hiyo humfukuza mwenye gari zima, na sokoni hubaki mabovu kwa wingi.

Sheria zilikuja polepole. Uingereza ilipata mwaka 1968 sheria dhidi ya maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na wauzaji waliorudisha mita nyuma walishtakiwa kwa sheria hiyo. Marekani ilipiga marufuku kuchezea mita kwa sheria ya taifa ya mwaka 1972, kisha mwaka 1986 ikataka kilomita ziandikwe kwenye hati ya umiliki yenyewe. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo ilitaka wauzaji wataje pia kasoro kubwa wanazozijua, lakini Bunge likaipinga kanuni hiyo mwaka 1982, na ingawa mahakama zilisema Bunge halikuwa na mamlaka ya kuipinga kwa njia hiyo, kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1985 ilikuwa imeondolewa kipengele hicho. Kilichobaki ni karatasi ya kubandikwa kwenye dirisha la gari, inayosema kama kuna udhamini au gari linauzwa kama lilivyo. Kwa kanuni hiyo, muuzaji aliyejua kwamba giaboksi imekwisha hakulazimika kuandika neno.

Hata hivyo karatasi hiyo ina sentensi moja ninayoipenda, inayomshauri mnunuzi aulize kama anaweza kulipeleka gari kwa fundi wake. Nilikuwa nikiuliza swali hilo tangu kisa cha vumbi la mbao, na majibu yalinisaidia kuliko ukaguzi wenyewe. Wachache walinikabidhi funguo bila maneno, nami nilinunua kwao. Yadi moja ilinijibu kwamba bima yao hairuhusu gari kutoka bila mfanyakazi wao; nilipopendekeza mfanyakazi huyo apande nasi, ghafla gari likawa limeshalipiwa na mtu mwingine.