LinkedIn kwa mtafuta kazi wa Mombasa: bandarini inafaa, hotelini haitoshi

Kijana anayemaliza chuo Mombasa na kutaka kazi bandarini, kwa mawakala wa forodha au melini huambiwa na kila mtu kwamba kazi ni kujuana. Ni kweli. Lakini wachache humwambia ajuane na nani, na hapo ndipo LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, inapomfaa. Kwa hilo peke yake tunamshauri afungue akaunti. Orodha yake ya nafasi za kazi, ambayo ndiyo wengi huikimbilia, haina uzito huo: tangazo likishafika pale, maombi huwa yamejaa.

Tuanze na kilicho bora. Fungua ukurasa wa chuo ulichosoma, mathalani Technical University of Mombasa (TUM), kisha ubonyeze sehemu iitwayo Alumni. Utaona waliosoma hapo wanaishi wapi, wameajiriwa na nani na wanafanya kazi gani. Chuja kwa mji, uweke Mombasa, kisha kwa kampuni ya meli au CFS (kituo cha kuhifadhia makontena) unayoilenga. Tazama wenye alama ya 2nd kando ya jina, yaani mnaunganishwa na mtu mmoja katikati. Hao ndio wa kuanza nao. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022, uliofuatilia watumiaji milioni 20 wa LinkedIn kwa miaka mitano, ulionyesha kuwa watu mnaofahamiana kwa mbali kiasi husaidia zaidi kupata kazi mpya kuliko marafiki wa karibu. Sababu yake inaeleweka. Binamu yako na jirani yako wa Majengo husikia habari zile zile unazozisikia wewe. Aliyekutangulia chuoni miaka minne na sasa anajaza hati za forodha Shimanzi husikia nyingine kabisa.

Mwaliko wa kuunganishwa unaotumwa mtupu, bila neno, ndio unaowaangusha wengi. Akaunti ya bure inakupa herufi 200 za ujumbe wa mwaliko, na hata idadi ya jumbe hizo kwa mwezi ina mpaka, kwa hiyo usizitapanye. Jina, kinachowaunganisha, swali moja linalojibika kwa sentensi mbili. Kwa mfano: “Shikamoo Bwana Fulani. Nami nimetoka TUM, nina cheti cha EACFFPC. Naomba kuuliza: ofisi kama yenu humwanzisha mgeni kwenye hati au uwanjani?” (EACFFPC ni cheti cha Afrika Mashariki cha kazi za forodha na uwakala wa mizigo.) Usiombe kazi hapo. Anayeombwa kazi na asiyemjua hunyamaza, kwa sababu hana la kujibu. Anayeulizwa kuhusu kazi yake hujibu. Ijumaa kuanzia adhuhuri usitarajie jibu, na Ramadhani andika asubuhi. Ukiuondoa mwaliko ambao haujajibiwa, huenda ukakaa hadi wiki tatu kabla ya kuruhusiwa kumwalika mtu yule yule, basi usiuondoe kwa pupa.

Kabla ya kumwandikia yeyote, tengeneza wasifu wako, maana kwanza atautazama. Mstari ulio chini ya jina una nafasi ya herufi 220, na ni masikitiko kuona wahitimu wazuri wakiujaza kwa maneno ya “natafuta nafasi yoyote”. Andika kazi unayoiweza na mfumo unaoujua: hati za forodha, iCMS (mfumo wa forodha wa KRA), mizigo ya transiti ya Uganda. Mahali, weka Mombasa. Anayeweka Nairobi kwa kudhani ndiko kwenye kazi hupotea pale mwajiri wa hapa anapochuja kwa mji. Alama ya kuonyesha kwamba unatafuta kazi ina njia mbili: kuonwa na waajiri peke yao, au na kila mtu kwa ukingo wa kijani kwenye picha. Ikiwa una kazi tayari, chagua ya kwanza, na hata hiyo LinkedIn yenyewe haitoi hakikisho kwamba bosi wako hataiona. Mji huu ni mdogo.

Jibu likija, shukuru, omba dakika 15 za simu, kisha fanya alichokuelekeza na umrudishie habari ndani ya wiki mbili. Huko kurudisha habari ndiko kunakojenga ujamaa wa kikazi, na ndilo jambo wengi wanaloliacha. Kuanzia hapo mambo huhamia WhatsApp na ofisini. Tuma wasifu kazi (CV) kwa PDF yenye jina lako, si picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu, na jitambulishe upya, kwa kuwa namba yako hana.

Huduma ya kulipia haina ulazima. Mwezi mmoja wa majaribio ya bure unatosha, ukiutumia wakati una orodha ya watu tayari. Weka kikumbusho uisimamishe kabla haujakwisha.

Kwa hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu tunaipa alama ndogo. Mameneja wapo, lakini wapishi wakuu na wasimamizi wa vyumba, ambao ndio humtaja mtu nafasi inapotokea, hawapo LinkedIn au hawaifungui. Huko nenda kwa miguu mlango wa wafanyakazi, Juni, kabla ya wageni wa Julai na Agosti.

Kwa mabaharia kuna hatari, nasi tunalisema kwa uzito. Wanaojiita mawakala wa meli huwaandikia vijana na kuwadai ada ya nafasi. Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Gharama inayoweza kuwa juu yake ni ya cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasi ya kusafiria; ya viza ni juu ya mwenye meli. Akikuandikia mtu, usimtumie nakala ya pasi. Muulize jina la kampuni yake, kisha nenda KMA (Mamlaka ya Bahari ya Kenya) uulize kama ina leseni. Kwa kazi za nchi kavu ughaibuni, swali hilo lipeleke kwa NEA (Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira).