Seti ya kuunda nakala ya Cobra 427: fremu ya kutegemewa, bodi ya kuvumilia

Katika seti ya kuunda nakala ya Shelby Cobra 427, yaani vipuri vya kujiundia mwenyewe gari linaloiga lile la michezo la miaka ya 1960, kilichoniridhisha kuliko vyote ni fremu, na kilichonichosha kuliko vyote ni bodi. Anayefikiria kununua bidhaa ya namna hii afadhali ajue mapema kwamba sehemu hizo mbili hazikutengenezwa kwa kiwango kimoja, na kwamba gari linaloonekana kwenye picha za tangazo limekwisha kupitia mikononi mwa fundi stadi wa rangi. Jina la mtengenezaji ninaliacha, kwa kuwa seti za daraja hili hufanana sana kwa uzuri na kwa kasoro.

Kwa nini watu watake nakala, hilo halihitaji maelezo marefu. Mwaka 1962 Carroll Shelby, Mmarekani aliyekuwa dereva wa mbio, alitia injini ya Ford ya V8 (yenye silinda nane) katika gari dogo la Kiingereza, AC Ace. Mwaka 1965 likafuata toleo la 427, lenye mabomba makuu ya fremu ya inchi 4 badala ya 3, springi za koili badala ya springi za majani, na madigadi mapana yaliyofunika tairi kubwa. Magari yote ya asili hayakufika elfu moja, na lile la kwanza kabisa, lenye namba ya fremu CSX2000, liliuzwa mnadani mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75.

Fremu iliwasili ikiwa imechomelewa kwa ustadi na kupakwa rangi ya unga. Nilipoipima kwa mshazari, kona hadi kona, vipimo vilikubaliana, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 90, sawasawa na gari la asili. Jambo hili lina uzito, kwa sababu fremu iliyopinda hata kidogo haiponi kwa kurekebisha magurudumu, na kila kitakachofungwa juu yake kitarithi kosa lake. Kitabu cha maelekezo kina picha za kutosha, kila waya wa umeme umeandikwa unakokwenda, na mpangilio wa kazi ni wa busara: springi na breki hutangulia, kisha injini, kisha umeme, ili gari liwake na kutembea kabla bodi haijapandishwa. Waundaji wengi huifurahia hatua hiyo ya kuendesha fremu tupu kana kwamba ni mchezo, lakini faida yake ni ya kiufundi, kwa kuwa mafuta yanayovuja au hewa iliyobaki kwenye breki hugunduliwa wakati kila kitu bado kinafikika kwa mkono.

Lawama ya kwanza ni pahali pa miguu ya dereva. Injini ya V8 hukaa nyuma sana, hivyo pedali tatu hubanwa katika nafasi finyu kiasi kwamba mwenye kiatu kipana anaweza kukanyaga breki na akseleta kwa pamoja. Joto la eksozi nalo hupenya bamba la alumini bila shida. Kizuia joto kilichomo kwenye seti ni chembamba, na aongezaye kingine aongeze kabla ya kupiga ribiti, maana baadaye hapaingiliki.

Tukija kwenye bodi ya faibaglasi, subira ndiyo kifaa kikuu. Kalibu zimeacha mistari mirefu juu ya madigadi na kuzunguka mdomo wa mbele, na haitoshi kuipitishia msasa juu juu. Hukwanguliwa mpaka kwenye tabaka gumu, ikajazwa puti yenye nyuzi, ikasawazishwa upya. Faibaglasi mpya huendelea kukauka na kusinyaa baada ya kutoka kiwandani, kwa hiyo anayeharakisha rangi ataiona mistari ile ile ikijitokeza tena chini ya mng'ao. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu, na kitambaa cha puani si kinga. Milango ilinichukulia muda kuliko injini: bawaba hufungwa kwenye fremu, ilhali umbo la mlango sharti lifuate bodi, na ule wa kushoto ulitokeza chini huku umezama juu. Kulisawazisha pengo lake kulidai kuhamisha bawaba, kukata ukingo na kuujenga upya.

Katika maonyesho, mapengo hayo ndiyo yanayotazamwa kwanza. Majaji wa magari ya nakala hukagua upana wa nafasi kuzunguka boneti, buti na milango, huinama kutazama chini ya gari, kisha hufuata nyaya na mabomba ya breki kuona kama yamefungwa kwa utaratibu. Watazamaji wa kawaida huuliza tu kama ni Cobra ya kweli, na kibao kinachotaja waziwazi kwamba ni nakala, injini yake na mwaka iliyoundwa humletea mwenyewe heshima zaidi kuliko nembo ya kuazima. (Anayeonyesha awaonye pia watoto kuhusu eksozi za ubavuni, wenye magari haya huita malengelenge ya shavu la mguu "kuumwa na nyoka".)

Kabla ya kulipa, sheria ya usajili isomwe, kwani nchi hazifanani. Uingereza, kwa mfano, gari la kujiundia hupitia IVA, yaani ukaguzi wa gari moja moja, kabla ya kuruhusiwa barabarani. Mwenye karakana, vifaa na moyo wa kushinda na msasa nitampendekezea seti hii bila kusita. Asiyeupenda msasa atazame magari yanayouzwa yakiwa yamekwisha kuundwa na kupigwa rangi, yakikosa injini na giaboksi tu, kama yale ya kampuni ya Superformance yanayotoka Afrika Kusini. Bei ya hayo ni kubwa zaidi, ila malipo ya fundi wa bodi yakijumlishwa, tofauti hupungua kuliko matangazo yanavyodokeza. Mtengenezaji wa seti hii naye angefanya vyema kuifunga na kuisawazisha milango kiwandani, hata kama bei ingepanda.