Tenki la samaki wa baharini nyumbani: miezi 14 ya kuhesabu uniti

Nianze na swali la mke wangu, maana ndilo lililoanzisha yote haya. Jioni moja mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ilianza kulia, akasimama mlangoni akiwa na simu mkononi: "Baba watoto, ile elfu ishirini ya Jumatatu imekwenda wapi? Au hawa samaki wako wanakula umeme?" Ilikuwa Ijumaa. Sikuwa na jibu, kwa hiyo nikajifanya nasafisha kioo.

Tenki lenyewe lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina 50, yaani lita 300 likijazwa hadi ukingoni, na chini yake kuna tenki dogo la kuchujia, ambalo wafugaji huliita sampu. Ndani kuna kitatange mmoja, kangaja wawili, na matumbawe laini. Tunakaa Dar es Salaam, na hilo lina maana kubwa. Karibu kila ushauri niliousoma kabla ya kuanza uliandikwa na watu wa nchi za baridi, na kwao mlaji mkubwa wa umeme ni hita ya kupasha maji joto. Mimi hita nilinunua nikaiweka kabatini, ipo mpaka leo. Huku kwetu shida ni kupoza. Matumbawe yanataka maji ya nyuzi 25 hadi 27 hivi. Yakikaa siku kadhaa kwenye 30 yanaanza kupoteza rangi, kama yalivyobabuka mengi ya pwani yetu mwaka 1998 bahari ilipopata joto. Sebule yangu mwezi Februari saa tisa mchana ina nyuzi 32.

Kitu nilichonunua cha kwanza baada ya lile swali ndicho ninachokisifia kuliko vyote: kipima umeme cha kuchomeka ukutani. Unakichomeka kwenye soketi, kisha kifaa chako unakichomeka kwenye kipima. Kinaonyesha wati za wakati huo, na ukikiacha kinajumlisha uniti zilizotumika (uniti moja ni wati elfu moja kwa saa moja). Nilikipata Kariakoo kwa shilingi 35,000, cha plastiki tu, hakina mvuto wowote. Kosa nililofanya mwanzoni ni kusoma wati na kuishia hapo. Kwa pampu inayokwenda saa 24 hiyo inatosha. Lakini mashine ya kupoza maji, chila, inawaka na kuzima yenyewe; ukiisoma ikiwa imezima utafurahi bure. Hiyo iache kwenye kipima wiki nzima, kisha gawanya kwa saba.

Nikapima kifaa kimoja kimoja. Pampu ya kupandisha maji kutoka sampu: wati 75, sawa na uniti 1.8 kwa siku. Skima, ule mtungi unaotoa uchafu kwa povu, ilikuwa imeandikwa wati 18 lakini kipima kikasema 28, hivyo uniti 0.67. Pampu mbili ndogo za kuzungusha maji, wati 10 kila moja, 0.48. Taa zilikuwa mirija sita ya T5 iliyovuta wati 340 kwa saa tisa, uniti 3.06. Na chila, wati zaidi ya 300 ikiwa imewaka, 3.9 kwa siku. Jumla uniti 9.9 kila siku ya Mungu. Kwa mwezi 297.

Sasa bei. Anayelipa umeme wa kawaida wa nyumbani anajua elfu moja inampa uniti 2.8 hivi: bei ni shilingi 292, na ukiweka VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (wadhibiti wa nishati) asilimia 1 inafika 356. Kwa hiyo tenki peke yake lilikuwa linakula karibu 106,000 kwa mwezi.

Ila kuna gharama nyingine ambayo kipima hakikuionyesha, nikaigundua kwa kalamu na karatasi. Kabla ya samaki tulikuwa watumiaji wadogo, tuko kwenye ile tarifu, yaani kundi la bei, ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, ambako uniti moja ni shilingi 100, na 122 ukijumlisha makato. Nyumba nzima, friji, televisheni, taa na pasi, ilitumia kama uniti 65. Elfu nane ilitosha mwezi. Tenki lilipoingia, kila uniti iliyozidi 75 ikawa inatozwa ghali kuliko hata ya kawaida, na baadaye tukahamishiwa tarifu ya kawaida. Maana yake zile uniti 65 za friji na pasi, ambazo hazikuongezeka hata moja, zikapanda kutoka elfu nane hadi elfu ishirini na tatu. Samaki walinipandishia bei ya pasi! Kama na wewe uko kwenye tarifu ya chini na unatamani tenki la maji chumvi, piga hesabu hii kwanza kabla ya kuulizia bei ya kioo. Kwetu bili ilitoka elfu nane ikafika karibu laki moja na elfu thelathini.

Nilichojifunza nikikaa na zile namba ni kwamba katika joto hili kila wati ndani ya maji unailipia mara mbili. Pampu iliyozama inageuza karibu umeme wake wote kuwa joto, na joto hilo linabaki majini. Taa nazo zinashusha joto juu ya maji. Halafu unailipa chila ilitoe lile joto ulilolinunua mwenyewe. Ndiyo maana nilipoanza kupunguza sikukimbilia kubadilisha chila, ingawa ndiyo iliyokuwa inaongoza kwa kula.

Jambo la kwanza halikunigharimu kitu. Chila ilikuwa ndani ya kabati chini ya tenki, imefungiwa mlango ili isipige kelele. Ilikuwa inavuta hewa ya moto iliyoitoa yenyewe. Nikarefusha mipira, nikaihamishia dirishani. Wiki iliyofuata ikashuka kutoka 3.9 hadi 3.2 kwa siku. Fundi aliyeifunga pale kabatini alinitoza hela ya kazi nzuri, lakini tuyaache.

Kisha nikabadilisha pampu kubwa. Niliyonunua ni ya umeme wa DC (kama wa betri), ya volti 24, ina kidhibiti cha kuongeza na kupunguza kasi. Shilingi 240,000. Naiendesha kwa wati 32 na maji yanapanda vya kutosha; ile ya zamani ilikuwa inasukuma maji mengi kuliko sampu ilivyohitaji. Haina kelele kabisa, usiku wa kwanza niliamka mara mbili nikidhani imezima. Ubaya wake ni kidhibiti. Mwezi wa nne umeme ulikatika, uliporudi ulirudi kwa kishindo, kikaungua. Kipya kilinitoka 90,000. Tangu siku hiyo nimeweka kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme. Usinunue pampu ya DC bila hicho.

Taa ndizo zilizoniuma mfukoni: LED mbili, shilingi 780,000. Zinavuta wati 130 mahali pa zile 340, na joto lake kubwa linatokea mgongoni, juu, siyo kwenye maji. Matumbawe yalinuna wiki tatu za mwanzo kwa sababu niliwasha kwa nguvu zote. Anza na asilimia 40 upande polepole. Nimeokoa pia mirija sita ya T5 niliyokuwa naibadilisha kila mwaka.

Halafu feni. Hapa nakiri nilikuwa na dharau. Feni nne ndogo za kompyuta, za volti 12, na kidhibiti cha joto, vyote 60,000, zinapuliza juu ya maji. Zikienda zote zinavuta wati 12. Lakini lita moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto la karibu uniti 0.67, na kwangu zinakauka lita tano kwa siku. Hiyo ni uniti 3.4 za joto linalotoka kwa umeme wa uniti 0.2. Hakuna chila inayofanya hivyo. Adha yake ni kwamba chumvi haipandi na mvuke. Inabaki na maji yanazidi kuwa makali. Inabidi ujazie lita tano za maji yasiyo na chumvi kila siku, yaliyochujwa. Ukijazia maji ya bahari umeua. Wakati wa masika, hewa ikiwa imeloa, feni zinapungua nguvu na chila inaongeza kazi.

Hali ilivyo sasa: pampu 0.77, skima 0.67, za kuzungusha 0.48, LED 1.17, feni 0.2, chila 1.1 kwa wastani. Uniti 4.4 kwa siku, 132 kwa mwezi, kama 47,000. Nimepunguza 59,000. Msimu nao una lake: wakati wa kusi, Julai, chila inapitisha siku kadhaa bila kuwaka na tenki linakula 35,000 tu, Februari, kaskazi imekaba, linarudi hadi elfu sitini.

Je, hela imerudi? Bado. Nilitumia 1,080,000 kwa pampu, taa na feni, bila kile kidhibiti kilichoungua. Kwa kasi hii inataka miezi 18 na ushee, nami niko wa 14. Kama mfuko hauruhusu vyote, ningekwambia feni kwanza, pampu baadaye, taa mwisho. Na tarifu ya chini sahau, 132 hazirudi 75 kwa namna yoyote.

Faida ya kupima ambayo sikuitegemea naiona umeme unapokatika. Kinachoua samaki haraka ni kukosa hewa, joto linafuata taratibu. Pampu moja ya kuzungusha ya wati 10 niliiunganisha kwenye inveta yenye betri ya 100Ah, inakwenda usiku kucha na mchana wake. Ningeiwekea ile pampu kubwa ya zamani ya wati 75, betri hiyo isingefika mbali.

Mke wangu siku hizi ndiye anayesoma kipima. Juzi ameniita: "Leo imesema 4.9, wewe umewasha nini?" Nikaangalia, feni moja ilikuwa imekwama kwa kutu ya chumvi. Hii ni ya tatu. Jumamosi nashuka tena Kariakoo.