Nikon D3200 ya mtumba mikononi mwa fundi wa nguo: uzoefu wangu

Nashona karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu. Kilichonifanya ninunue kamera ni gauni la kitenge cha zambarau. Mteja wa Kakamega aliliona kwenye picha ya simu yangu likiwa bluu, akaagiza bluu, akapokea zambarau. Pesa zikarudi kwake, gauni likarudi kwangu.

D3200 ilitoka mwaka wa 2012, kwa hiyo ni mzee. Lakini ina megapikseli 24, na mimi picha zangu huishia WhatsApp, ambako hubanwa zote sawa. Muuzaji alitaka 26,000 pamoja na lenzi ya kuvuta ya 18-55, yaani kutoka milimita 18, inayoona upana, hadi 55, inayovuta karibu. "Haijatumika sana, dada." Mpwa wangu akapiga picha moja, akaihamisha kwenye simu na kuipitisha kwenye tovuti inayosoma maelezo yaliyofichwa ndani ya picha. Nikon huandika humo kamera imefyatuliwa mara ngapi: 41,000. Nikalipa 22,000.

Siku ya kwanza nilidhani nimeuziwa mbovu. Nikichungulia, ukungu mtupu. Kumbe kando ya tundu la kuchungulia kuna kigurudumu kidogo cha kulingana na macho ya mtu, nacho kilikuwa bado kwenye macho ya mwenyewe wa kwanza!

Kisha likaja gauni jeupe la harusi, likatoka kijivu kama maji ya kufulia. Kamera haijui kwamba kitu ni cheupe. Hupima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake ni cha wastani, hivyo cheupe hukitia giza na cheusi hukipausha. Toa gurudumu la juu kwenye Auto uliweke kwenye P, shikilia kitufe cha +/- kilicho nyuma ya kile cha kufyatulia, zungusha gurudumu la kidole gumba hadi +1, piga tena. Lesi ikaonekana ua kwa ua. Kitufe hicho peke yake, kwangu, kimerudisha pesa yote.

Zambarau nayo, tatizo kubwa lilikuwa tyubu za dukani. Sasa natundika nguo barazani asubuhi na kuchagua, kwenye menyu ya kamera, rangi ya mwanga wa kivulini. Si zambarau yenyewe kabisa, ila hakuna tena anayeiita bluu. Na usimsogelee mtu na lenzi ikiwa 18, kiuno chake kitapanuka na lawama ni zako. Rudi nyuma, vuta hadi 55.

Haina Wi-Fi. Nachomoa kadi, natia kwenye kisomeo, nachomeka kwa simu. Inachosha.

Kosa langu kubwa ni lenzi ya pili. Nilipata 50mm f/1.8D kwa bei nzuri mno, nikaifunga, skrini ikaandika FEE, onyo kwamba pete ya lenzi haijawekwa sawa. Kwanza pete hiyo, ya kupunguza na kuongeza mwanga, inafaa ifungwe kwenye 22, namba yake kubwa kuliko zote, hilo likaisha. Lakini lenzi ya D kama hii hutegemea mota iliyo ndani ya kamera ili ijilenge yenyewe, na D3200 haina. Ilinifaa lenzi ya aina ya AF-S, yenye mota yake. Hii nazungusha kwa mkono hadi kidoti cha kijani kiwake ndani ya tundu la kuchungulia, upande wa chini. Kwa sanamu la kuvishia nguo inanitosha, maana halipumui. Wateja ndio hawatulii.