Ilford Washaid kwa picha za karatasi ya barita: uzoefu wangu Bukavu

Picha za zamani za nyeusi na nyeupe ninazoletewa kutoka Ibanda na Kadutu ili nizichape upya huwa na madoa ya aina mbili, na kila moja lina chanzo chake. Sehemu nyeupe, kama shela ya bibi harusi, zikigeuka kahawia, ni kwamba fiksa, yaani dawa inayoifanya picha isiharibiwe tena na mwanga, ilikuwa imechoka na misombo ya fedha ikabaki ndani ya karatasi. Sehemu nyeusi zikififia na kuwa manjano, fiksa yenyewe haikuoshwa ikatoka, na salfa yake imekuwa ikiila picha kwa miaka.

Washaid, dawa inayosaidia maji kuitoa fiksa kwenye karatasi, huzuia tatizo la pili tu. Nimeitumia kwa karatasi ya barita, yaani karatasi ya picha isiyopakwa plastiki, ambayo nyuzi zake hunywa dawa na kuing'ang'ania, na nimeridhika nayo kabisa, kwa sababu mji wetu umekaa kando ya Ziwa Kivu lakini bomba la nyumbani hukauka bila taarifa, na kuosha picha kwa saa nzima chini ya maji yanayotiririka ni anasa ambayo wengi wetu hatuna. Mimi hufuata utaratibu wa kampuni yenyewe: sekunde 60 kwenye fiksa mpya iliyochanganywa 1+4 (sehemu moja ya dawa kwa nne za maji), dakika 5 za maji, dakika 10 za Washaid, nayo 1+4, kisha dakika 5 za maji tena. Maji yangu hutoka kwenye madumu, basi huyamwaga na kuyabadilisha mara kwa mara huku nikiitikisa trei, picha zisigandane. Zikigandana, pale zilipogusana hapaoshiki.

Kuhakikisha, hudondosha tone la nitrati ya fedha iliyochanganywa na asidi ya asetiki kwenye ukingo mweupe, na fiksa ikiwa bado imo, hapo hugeuka kahawia. Picha iliyooshwa kwa maji matupu kwa muda huohuo mfupi iliacha alama ya kahawia iliyokolea. Iliyopitia Washaid ilibaki na rangi ya chai hafifu sana, nami nikatulia moyo.

Malalamiko yangu ni upatikanaji: hapa haiuzwi, lazima niagize kwa wasafiri. Anayechapa kwenye karatasi iliyopakwa plastiki asiinunue, kwani karatasi hiyo hainywi dawa na dakika 2 za maji safi zinaitosha. Ikishachanganywa haidumu, kwa hiyo pima ile tu utakayoitumia usiku huo.