Kocha wa maisha ukirudi kazini: hela yangu ilifanya kazi wapi, ililala wapi

Jibu la haraka kwa wote mnaoniuliza kama kocha wa maisha alinisaidia kurudi kazini: ndio alinisaidia, ila sio kwa yale aliyokuwa anayatangaza. Tangazo lilikuwa la kugundua kusudi la maisha yako, kumwamsha shujaa aliyelala ndani yako na maneno mengine ya hivyo, na mimi kusudi langu nilikuwa nalijua vizuri tu, nilitaka kazi ya peroli, yaani kukokotoa mishahara ya wafanyakazi, na mshahara wangu uingie mwisho wa mwezi. Alichonisaidia ni mambo mawili matatu ya kawaida mno, na hakuna hata moja lililokuwa kwenye tangazo. Jina lake sitaji, simpigii debe na wala simharibii, ntasema tu Kocha.

Mimi ni mtu wa mahesabu. Niliacha kazi mwanzoni mwa 2020, mtoto wa pili yuko njiani, wa kwanza hospitali kila mara, nikakaa nyumbani Kimara mpaka 2024. Mliokaa nyumbani mnajua, kazi yenyewe haikutoki kichwani kihivyo, kinachokutoka ni ile kuongea na watu wazima wasiokujua kama mama fulani. Habari ya kocha aliniletea wifi yangu, yeye yuko kwenye NGO na huko kwao kila bosi ana kocha. Baba watoto akauliza laki tano ya nini wakati mama mchungaji yupo na anashauri bure. Swali halali kabisa.

Maana ndio hivyo, laki tano. Sesheni moja ya saa nzima ni laki, pakeji ya sesheni sita laki tano ukilipa yote mwanzo kwa lipa namba, na hairudi. Nyingine mnaonana, nyingine Zoom. Kuonana kwenyewe ni kwenye mgahawa Masaki, kahawa unajinunulia, na ukiwa mtu wa aibu kama mimi unajikuta umenunua na ya kwake. Kutoka Kimara mpaka Masaki na kurudi, hapo hujala, ongezeni kwenye hesabu. Zoom ilikuwa afadhali ila bando nalo, na watoto wakijua mama yuko kwenye simu ndio wanakumbuka kila kitu wanachotaka duniani.

Sesheni ya kwanza sikuipenda. Alinichorea duara kwenye karatasi, akaligawa vipande nane, afya, hela, ndoa, kazi, marafiki, imani, sikumbuki vingine, kila kipande ujipe maksi moja mpaka kumi halafu uunganishe nukta uone gurudumu lako limepinda wapi. Nikajipa maksi, likapinda. Nilijua limepinda ndio maana nimekuja! Halafu kazi ya nyumbani ilikuwa kukata picha kwenye magazeti nibandike ukutani ndoto zangu, na kila alfajiri saa kumi na moja anatuma voisi ya kunitia moyo, rudia baada yangu, mimi ni mshindi. Mwanangu wa kwanza ndio alikuwa anairudia, akaishika yote, mpaka leo akishinda bao anaisema.

Sasa sesheni ya pili ndio nikaona hela inaanza kufanya kazi. Alinirekodi kwa simu yangu mwenyewe. Akajifanya yeye ni HR, mtu wa ajira wa kampuni, akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa kuliko yote, miaka minne ulikuwa wapi? Nikajibu. Kisha tukaisikiliza. Jamani. Dakika karibu tatu najiuma uma, "unajua nilikuwa tu nyumbani, unajua mtoto alikuwa anaumwa, halafu na korona ikaja", yaani ungesikia ungedhani nimetoka jela naomba msamaha. Kocha hakusema kitu, akairudisha mwanzo, tukasikiliza tena. Baadaye akauliza, hiyo miaka minne hukushika hela ya mtu yeyote?

Nikacheka. Mimi nimekuwa mhazini wa kikoba chetu cha mtaani, wanawake zaidi ya ishirini, hisa kila Jumamosi, mfuko wa jamii, mikopo na marejesho yake, na sanduku lenye kufuli tatu ambalo funguo zake wanashika watu watatu tofauti. Na ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilipoanza kutekelezwa na vikundi kama vyetu vikatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri, aliyehangaika na katiba, orodha ya wanachama, fomu na kwenda rudi ofisini ni mimi. Kwenye CV hakukuwa na neno hata moja la hayo, kwangu yalikuwa mambo ya mtaani. Kocha akasema andika. Tukaliweka kama kazi, na mwaka, na kiasi cha fedha nilichokuwa nasimamia, na kwamba vitabu vyangu vinafunga kila mwisho wa mzunguko bila shilingi kupotea.

Jibu jipya likawa hivi, naliweka hapa anayetaka alichukue alibadilishe: "Niliacha kazi 2020 kulea watoto. Kwa kipindi hicho nimekuwa mhazini wa kikundi cha kukopeshana na nikasimamia usajili wake. Miezi hii nimerudia kodi za mishahara zote, naweza kuanza tarehe moja." Basi. Hapo unafunga mdomo. Kufunga mdomo ndio kulinishinda, nilitaka kuongeza maelezo, akawa ananisimamishia kiganja kama trafiki. Tulirudia mpaka ikatoka chini ya nusu dakika bila "unajua" hata moja. Kwenye usaili halisi swali lilikuja, nikajibu, yule baba akaandika kidogo akaenda swali linalofuata. Jambo lililokuwa linaninyima usingizi likapita hivyo hivyo tu.

Na kwenye mshahara ni hivyo hivyo, taja namba halafu nyamaza. Ila namba yenyewe hakunipa Kocha, aliniambia "omba unachostahili", sasa ninachostahili ni shilingi ngapi? Niliwapigia watu wawili wa peroli niliosoma nao, nikajua soko liko wapi, nikapiga kwanza PAYE, ile kodi ya mshahara, na asilimia kumi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nione kinachofika mkononi. Kocha alinipa jinsi ya kusema, cha kusema nilitafuta mwenyewe, na mgawanyo huo ulikuwa hivyo mwanzo mpaka mwisho.

Mfano mzuri ni viwango vya kodi na makato. Nilipoacha kazi, mshahara ulikuwa unaanza kukatwa kodi ukivuka 170,000 na kiwango cha chini ni asilimia 9. Narudi nakuta unaanzia 270,000 na ni asilimia 8. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri, niliiacha asilimia 4.5 nikaikuta 3.5, WCF, mchango wa mwajiri wa fidia kwa wafanyakazi, ya sekta binafsi niliiacha asilimia 1 nikaikuta 0.5. Mtu wa peroli akiingia kwenye mtihani wa Excel na viwango vya mwanzo wa 2020 kichwani, hata awe na ujasiri wa simba hatoki. Hilo Kocha hawezi kukupa, hajui SDL ni nini na sio kazi yake kujua. Nililipata kwa rafiki mmoja ambaye kila Jumapili jioni alinitumia peroli ya kubuni nikokotoe, malipo yake ilikuwa chapati. Kwa hiyo kama tatizo lako ni kwamba fani imekuacha nyuma, hela yako peleka kwenye kozi au kwenye semina za bodi yako, usipeleke kwa kocha.

Jambo jingine alilolifanya vizuri ni nyumba. Hapa nampa maksi zote. Mimi nilikuwa nasema "dada yupo", nimemaliza. Akauliza, dada akiondoka Jumatatu asubuhi bila kuaga mtoto anabaki na nani? Shule ya chekechea inafunga saa sita na nusu, basi la shule likiharibika nani anakwenda? Mtoto akipanda homa saa nne shule inampigia nani kwanza, wewe au baba yake? Kila swali anataka jina la mtu, ukisema "tutaangalia" anaandika "hakuna". Nilirudi nyumbani na karatasi ina "hakuna" tatu, nikaiweka mezani mbele ya baba watoto. Ndio kwa mara ya kwanza tukaongea nani anafanya nini, bila mtu kununa. Mama mdogo wa Mbezi akakubali kuwa wa dharura na nauli yake tunaitenga kila mwezi, na namba ya kwanza pale shuleni ikawa ya baba, ofisi yake iko karibu.

Akanitaka pia nijaribu wiki nzima kabla ya kupata kazi yenyewe. Yaani unaamka, unavaa, saa kumi na moja na nusu uko kituoni Kimara unapanda mwendokasi mpaka Posta, unakaa maktaba pale barabara ya Bibi Titi unasoma mambo yako, unarudi jioni. Nilimwona kachanganyikiwa. Lakini wiki hiyo ndio iliyonionyesha kwamba viatu nilivyokuwa natamba navyo havitembei, kwamba dada hajui kuwasha jenereta, na kwamba mdogo analia mpaka siku ya tatu halafu anazoea. Vyote vikatokea nikiwa sina bosi wa kumweleza. Ushauri huo ni bure, uchukueni, hauhitaji laki tano.

Rafiki yangu mmoja alikwenda kwa kocha mwingine kabisa, yeye alikuwa anarudi kutoka likizo ya uzazi. Wakatumia karibu sesheni zote kujenga ujasiri wa kumwomba bosi apate muda wa kunyonyesha. Sasa dada, hilo liko kwenye sheria! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 33, likizo siku 84 zenye malipo, pacha siku 100, na ukirudi unanyonyesha mwajiri anatakiwa akuruhusu mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Barua fupi kwa HR ingetosha, ujasiri wa kuandika barua sio wa bei hiyo. Kocha wake hakulijua hilo, rafiki yangu alikuja kuambiwa na mtu wa chama cha wafanyakazi kwenye foleni ya chakula. Kabla hujalipa mtu akufundishe kuomba kitu, angalia kwanza kama sio haki yako tayari.

Kuhusu vyeti. Hii kazi haina bodi kama NBAA yetu wahasibu au baraza kama la madaktari, mtu akiamka kesho akajiita laifu kochi hakuna wa kumzuia. Kilichopo ni vyama vya wenyewe, kikubwa ni ICF, shirikisho la kimataifa la makocha, kilianzishwa Marekani 1995. Cheti chao cha ngazi ya chini, ACC, kinataka angalau masaa 60 ya mafunzo na masaa 100 ya kufanya kazi na wateja, PCC, ngazi inayofuata, ni masaa 500 ya wateja, MCC ya juu kabisa 2,500. Muulize kocha wako ana nini, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye tovuti yao. Wa kwangu alikuwa na ACC na alionyesha bila kununa. Niliyeongea naye kabla yake alijibu "cheti changu ni matokeo ya watu wangu", nikaaga. Muulize pia kama amewahi kumsaidia mtu aliyekaa nje ya kazi miaka, maana wengi hapa mjini wamezoea wafanyabiashara na mabosi, wakikutana na mama wa nyumbani wanaleta yale ya kubandika picha.

Na kuna mtu hatakiwi kwenda kwa kocha kabisa. Kama hulali, unalia bila sababu, umejifungua na mtoto humtaki hata kumshika, au kazi ya zamani ilikuumiza mpaka ukiona jengo lile mapigo yanaenda mbio, hiyo ni hospitali. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili na afya ya akili, kuna wanasaikolojia, wamesomea. Kocha wangu hili alilisema mwenyewe siku ya kwanza, akiona mambo yako hayo anakuelekeza huko na hela ya sesheni zilizobaki anarudisha, ndio sababu pekee ya kurudishiwa. Kwa hilo nilimheshimu.

Kazi nimepata, ndio, lakini tusidanganyane, nafasi yenyewe niliisikia kwa mwanachama wa kikoba ambaye shemeji yake yuko pale. Kocha hana kazi ya kukupa mfukoni, na akikuahidi kazi kimbia. Kwa sita zile, naona mbili zilistahili hela, ya kurekodi jibu na ya nyumba, ya mshahara nusu, zilizobaki tulikuwa tunarudia rudia na kunywa kahawa. Nikipiga hesabu, kazi ya laki mbili na nusu nimeilipia laki tano. Sijuti, ila ningejua angeniuzia mbili nisingechukua sita. Nyota tatu kati ya tano.

Majuzi kanitumia pakeji nyingine ya "kukua kazini", laki nane. Nikamwambia ntamtafuta kwa sesheni moja tu kipindi cha apraizo, ile tathmini ya kazi, ya kufanya mazoezi ya kuomba nyongeza. Kajibu siku hizi anauza hata moja moja, laki na ishirini. Kwa hiyo mnaotaka kujaribu anzeni na moja, nendeni na swali lenu limeandikwa, na kahawa mnywe nyumbani kabisa kabla ya kutoka.