Kwa bibi Tandahimba: twende mwezi wa nne au wa kumi?

Kwetu kila mwaka ni ubishi huohuo, twende kwa bibi Tandahimba, mkoani Mtwara, mwezi wa nne au tusubiri wa kumi.

Mwezi wa nne mvua ndo zinaishia ishia, si huku kusini tuna msimu mmoja tu, unaanza kama Novemba au Desemba hivi mpaka Aprili, Mei, kwa hiyo ukifika kote kijani, mahindi mabichi unachoma hapohapo jikoni, majani ya maboga bibi kayaunga nazi, mnakaa mvua inapiga bati na hamna anayeshika simu (netiweki yenyewe iko wapi). Shida tope tu.

Sasa mwezi wa kumi jamani! Korosho zinadondoka, umande haujakauka watoto washapewa vindoo, wanaokota huku wanagombania mabibo mekundu (lile tunda la mkorosho), nguo zinaharibika maana doa la bibo halitoki ng'o, mama yao anafoka weee halafu na yeye anakula. Jioni tunachoma korosho kwenye bati kuukuu, mafuta ya ganda yanashika moto, kaa mbali yanababua ngozi, zikipoa kila mtu na jiwe lake anagonga, yule mdogo wetu habangui kitu anakula tu. Wazee pembeni stori ni mnada na stakabadhi ghalani (unapeleka korosho ghalani, unapewa risiti, zinauzwa mnadani), bei itapanda haitapanda. Joto lipo, vumbi lipo.

Mi wa kumi. Wife bado kang'ang'ania mahindi yake.